Farasi wa Pijo ya Mwalimu Alfonsi

Haya, mmenibana, nasema. Ila mkicheka mcheke taratibu, maana mke wangu yuko hapo jikoni, na yeye habari hii kila akiisikia huwa anaongeza kipande ambacho mimi nimekiruka kwa makusudi. Aibu niliyoipata siku ile kwenye njia ya Matogoro, mbele ya kwaya nzima, mbele ya katekista, mbele ya mkwe mtarajiwa (naye akiwa amekaa ndani ya maji hadi kiunoni, kofia kichwani), sidhani kama kuna mtu mwingine wa Songea aliyewahi kuipata. Wenzangu huanguka na baiskeli, wakainuka, wakajikung'uta, yakaisha. Mimi nilianguka na gari zima, tena la mtu, tena mwenyewe akiwemo ndani.

Ilikuwa miaka ile ruksa ilipoanza kuingia mjini. Nyinyi wadogo hamjui, lakini kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na ukiona mtu ana tairi mpya unajua huyo ana mjomba serikalini. Halafu ghafla maduka ya Majengo yakajaa, kila kitu kipo, magari yaliyotumika yanashuka kutoka Uarabuni, na mimi nikawa karani katika duka la spea. Pamoja na makasha ya spea vilikuja vijitabu vya magari, vya rangi, karatasi inateleza, na kwa kuwa bosi wangu alikuwa hana haja navyo zaidi ya kufungia misumari, nikavichukua mimi. Nikavisoma usiku na mchana. Ndani ya mwaka mmoja hakuna gari nililokuwa silijui: lina cc ngapi, nguvu za farasi wangapi, uzito kilo ngapi, linatoka sifuri hadi mia kwa sekunde ngapi. Nikawa nachora majedwali kwenye karatasi za mifuko ya saruji, gari hili upande huu, gari lile upande ule, nabandika mlangoni mwa duka, watu wanajaa, wanabishana, wananigeukia: "Injinia, tuamulie." Nami naamua, peni sikioni.

Kitu kimoja tu nilikuwa sijawaambia. Sijui kuendesha. Na sisemi sijui vizuri, nasema sijawahi hata kukaa upande wa usukani. Chombo changu kilikuwa baiskeli, na breki yake ilikuwa kiatu changu cha kulia.

Sasa, Mwalimu Alfonsi. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa pale Ruhuwiko, mtu wa kunyoosha kola, aliyenunua Pijo 404 nyeupe kutoka kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Miaka ya shida ile Pijo ilikaa juu ya matofali kwa kukosa matairi, na Mwalimu kila Jumamosi alikuwa anaifuta vumbi na kuizungumzisha, majirani mashahidi. Ruksa ilipokuja akapata matairi manne kwa mpigo, akaishusha, ikawaka, na Jumapili ile alipoingia nayo kanisani watu walipiga makofi kabla ya misa. Na Mwalimu huyu ana binti, Redempta, mwalimu wa chekechea ya parokia, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mimi na Redempta tulikuwa tumeelewana. Barua ya posa ilikuwa imeshaandikwa, iko kwa mjomba wangu, siku imeshapangwa. Kwa hiyo mnaona nilikuwa natembea juu ya mayai, na mtu mwenye akili angefunga mdomo hadi barua ipokelewe.

Na kuna Saidi. Saidi ni Myao wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia Majengo, ana Datsun 1600 SSS nyekundu, ndogo, inayonguruma. Sisi Wangoni na Wayao ni watani, na mtani mnamjua: anaweza kukunyang'anya mboga kwenye sahani, kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe, hata kujilaza kaburini unapozika na asitoke mpaka umpe kitu. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Saidi alikuwa mtani hodari kuliko watani wote niliowahi kukutana nao, na alikuwa amemchagua Mwalimu Alfonsi kuwa shamba lake.

Jumapili moja baadaye tumetoka misa, watu wamesimama uwanjani wanasalimiana, Saidi akapita na Datsun yake akielekea kwenye shughuli zake, akaiona Pijo, akafunga breki. Hakuweza kupita hivihivi.

"Shikamoo Mwalimu! Hilo jeneza lenu leo limewaka lenyewe au mmelisukuma kwa sala?"

"Marahaba," Mwalimu akajibu bila kumtazama. "Wewe endelea na kopo lako la maziwa lililotiwa matairi."

Watu wakacheka, Saidi akashuka, wakaendelea kurushiana maneno kama kawaida yao, na ingeishia hapo. Lakini Mwalimu akaniona. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mama mmoja mnene, haikusaidia.

"Bahati nzuri leo tuna mtaalamu," akasema kwa ile sauti yake ya paredi. "Injinia, njoo hapa mbele. Hatutaki ushabiki. Tuambie kisayansi, kati ya magari haya mawili, lililo bora ni lipi?"

Jamani. Mimi jedwali la magari yale mawili nilikuwa nimelichora wiki mbili nyuma, na nilikuwa nimelificha chini ya godoro kwa sababu nililiona halina afya. Pijo 404 ya kabureta: cc 1618, farasi sabini na wawili, uzito umepita tani moja. Datsun 1600 SSS: cc 1595, farasi mia moja na tisa (kabureta mbili hiyo), uzito haufiki tani. Hapo hata mtoto wa chekechea ya Redempta angejua nani anamwacha nani. Kama ningesema tu, "Mwalimu, kila gari na raha yake," ningekuwa nimeokoka. Lakini watu wananitazama, kola ya Mwalimu inameremeta, Redempta kasimama na sare ya kwaya, na mimi kichwa kikavimba.

"Kisayansi," nikasema, "ni Pijo."

Makelele! Mwalimu akafumba macho kama amepokea komunyo ya pili.

"Ina farasi wangapi?" mtu akauliza.

"Tisini na sita." (Hiyo siyo uongo mtupu. Kuna 404 zenye pampu ya kurusha mafuta ambazo zina farasi tisini na sita. Ya Mwalimu haikuwa hiyo, ila iko duniani.)

"Na yangu?" Saidi akauliza, mikono kiunoni.

"Yako... themanini na kitu."

"Hicho kitu ni farasi au punda, mtani?"

"Lakini Pijo ni nzito," akasema katekista, ambaye siku zote ana tabia ya kusema neno ambalo halijaombwa. Nami, badala ya kukubali, nikamjibu kwamba uzito ndio kasi yenyewe, na nikamtolea mfano: angusha jiwe na unyoya, kipi kinatangulia chini? Watu wakaitikia "Jiwe!" kwa pamoja. Katekista akatikisa kichwa kwa kuelimika. Nakwambia, siku hiyo nilikuwa nafundisha fizikia mpya kabisa.

Saidi peke yake ndiye hakuelimika. "Sawa," akasema, "ila mimi sina mpango wa kuangushwa. Mimi napanda. Jumamosi saa nane mchana, mlima wa njia ya Matogoro, Pijo na Datsun. Nikishindwa, wallahi nabeba mahindi ya Mwalimu kutoka shambani hadi ghalani, kichwani, magunia yote. Nikishinda, hiyo Pijo naizika mimi mwenyewe, matanga juu yangu."

"Tumekubali!" watu wakaitikia, watu ambao hawana gari wala mahindi.

Mwalimu akainua mkono. "Mimi ni mtu mzima, goti langu hili linajulikana, siwezi kushindana na vijana. Lakini sina wasiwasi. Injinia ataendesha, mimi nitakaa pembeni yake nione sayansi inavyofanya kazi."

Na hapa ndipo nilipojimaliza. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli na kuchekwa dakika tano. Nikasema, "Hakuna shida, Mwalimu."

Wiki ile sikulala. Kumwendea dereva yeyote anifundishe nilishindwa, kwa sababu madereva wote wa Songea nilikuwa nimeshawasahihisha mbele za watu. Nikasema basi, kilichoandikwa hakinishindi. Dukani kulikuwa na kitabu cha 404, chenye picha ya namna gia zinavyopangwa. Gia za Pijo hazikai sakafuni, zinakaa kwenye usukani, mkono kama kijiko kirefu. Nikachukua mpini wa jembe nikaufunga kwenye kiti, mifuniko mitatu ya sufuria nikaipanga chini, huu klachi, huu breki, huu mafuta, nikawa naendesha uani kwa mama kila jioni nikitoka kazini, na mdomo ukisaidia injini. Siku ya tatu mama akamwita jirani, wakasimama mlangoni kimya, halafu mama akaniuliza kwa upole kama kuna mtu kazini niliyegombana naye.

Lakini nilikuwa nimeiva. Kwa mifuniko ya sufuria nilikuwa naingiza gia ya kwanza nimefumba macho.

Jumatano Redempta akaja dukani, akajifanya anatafuta valvu ya baiskeli. Alisubiri wateja waondoke, akaniuliza chini chini, "Fulgensi, wewe unajua kuendesha?"

"Redempta, mimi na magari?"

"Sikuulizi kuhusu magari. Nakuuliza unajua kuendesha?"

Nikaanza kumwelezea habari za mzunguko wa injini kwa dakika. Alinisikiliza hadi mwisho, uvumilivu wa chekechea ule. Kisha akasema, "Mwambie baba una malaria. Nitakuunga mkono. Nitasema mimi mwenyewe nimekuona unatetemeka." Na kweli nilikuwa natetemeka. Lakini kiburi jamani, kiburi ni ugonjwa. Nikamwambia aje Jumamosi aone. Akaichukua valvu akaondoka, na uso wake haukuwa wa mtu anayesubiri harusi.

Jumamosi ikafika. Mimi nilidhani watakuja watu kumi. Loo! Mtaa wa Majengo ulihamia barabara ya Matogoro. Kwaya imekuja na sare, mama wa togwa amekuja na ndoo mbili, wapo watu waliotoka Ruhuwiko kwa miguu, na mjomba wangu, yule yule mwenye barua ya posa, amevaa koti. Wametuweka mahali mlima unapoanza, Datsun kushoto, Pijo kulia, juu kule kwenye msitu wamesimama wa kushuhudia mshindi. Nyuma yetu barabara inateremka kidogo, kisha kuna shamba la maharage, kisha shimo walilokuwa wanachimba udongo wa tofali, lililojaa maji ya mvua. Nawaambia mapema lile shimo lilikuwepo, maana mimi sikuliona.

Mwalimu kaniendeshea gari hadi pale yeye mwenyewe, kwa mwendo wa maandamano, halafu akahamia upande wa abiria, akavuta kola, akaweka kofia sawa. Nikaingia. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba vikanyagio vya gari havifanani na mifuniko ya sufuria. Vina ubishi. Kitu cha pili, nilikuwa nimeukumbatia usukani kama mtu anayeninginia mtini.

"Relaksi, kijana," Mwalimu akaniambia, "sayansi iko upande wetu."

Nikawasha, ikawaka. Mwalimu akanigeukia kwa tabasamu ambalo hadi leo likinijia najisikia vibaya. Saidi akachungulia dirishani mwake: "Mtani, ukifika juu utanikuta nimeshaota mizizi!" Katekista akainua filimbi. Nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikashika ule mkono wa gia, nikauingiza kwenye ya kwanza, ya kwanza ile ile niliyofanya mazoezi siku tano. Filimbi ikalia. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zangu zote, nikaachia klachi kwa mpigo mmoja kama kitabu kilivyo... hapana, kitabu kilisema taratibu, nisikisingizie.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba kile kitabu kilikuwa cha Pijo za miaka ya baadaye. Ya Mwalimu ilikuwa ya zamani, na gia zake zimepangwa vingine kabisa. Pale nilipoamini ni ya kwanza palikuwa ni rivasi.

Pijo ikaruka kinyumenyume. Nakwambia iliruka! Naiona Datsun ya Saidi inakuwa ndogo mbele yangu, naona kwaya imefungua midomo, naona mama wa togwa anaziacha ndoo anakimbia, na mimi mguu wangu umeganda kwenye mafuta kwa sababu akilini mwangu nilikuwa nimeshaanza kwenda, kilichobaki ni kuongeza kasi. Sayansi ya jiwe na unyoya ikakubali: uzito kweli ni kasi, ilimradi unateremka. Tukapita kwenye ndoo. Tukapita kwenye maharage. Mwalimu pembeni yangu hakupiga kelele hata kidogo, alisema tu kwa sauti ya darasani, "Breki, Injinia. Breki. Breki, Injinia," na mimi nakumbuka nilimjibu, "Ndiyo, Mwalimu," nikakanyaga klachi.

Tukaingia shimoni matako mbele. Gari likakaa, pua juu, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza, na maji ya rangi ya chai yakaanza kupanda ndani bila haraka yoyote. Yalipofika kiunoni yakasimama. Mwalimu hakusogea. Alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, ambako palionekana mawingu tu.

"Fulgensi," akasema. Ndiyo mara ya kwanza hakuniita Injinia. "Umewahi kuendesha gari?"

"Hapana, shikamoo," nikajibu. Sijui hiyo shikamoo ilitoka wapi, tulikuwa tumeshasalimiana.

Hakuitikia.

Saidi yeye alikuwa ameshapanda mlima hadi juu, akasubiri, akachoka, akarudi. Alipofika ukingoni akatuona, na mimi nikajiandaa kwa kicheko. Hakucheka, huyo mshenzi. Alivua viatu, akavua kofia yake ya kiua, akaanguka chini kwenye tope akaanza kulia. Kulia kwa sauti, kilio cha msiba. "Uwiii! Pijo we! Umetuacha na nani Pijo! Jana tu ulikuwa na farasi tisini na sita, leo wote wamezama!" Kwaya kidogo ilijizuia, halafu sauti ya tatu akashindwa, akaanzisha wimbo wa maziko, na wote wakadakia. Saidi akajilaza mbele ya gari, akasema hatoki kaburini mpaka wafiwa watoe jogoo. Na kwa kuwa ni mtani, hakuna aliyeweza kumwambia neno. Mjomba wangu, akiwa na koti lake na barua yetu mfukoni, ndiye aliyetumwa kutafuta jogoo.

Wakaifunga Pijo kamba, kwaya upande huu, wabishi upande ule, wakaivuta wakiimba. Haikuwaka. Kulikuwa na gari moja tu mahali pale lenye uwezo wa kuivuta hadi Ruhuwiko, na nyote mnalijua. Saidi akaipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu wote, akafunga kamba mwenyewe. Alimkaribisha Mwalimu akae ndani ya Datsun akauke. Mwalimu akakataa. Alisema atakaa ndani ya gari lake, liwe hai au lisiwe hai, ila usukani asiushike yule bwana. Ndipo Redempta akafungua mlango, akapandisha sare ya kwaya akaketi kwenye maji, akashika usukani kama mtu aliyeshika mwiko wake mwenyewe. Kumbe baba yake alikuwa anamfundisha pole pole kwenye njia ya shambani, na hawakumtangazia mtu, kwa sababu watu wanaojua kitu huwa hawachori majedwali.

Hivyo ndivyo Pijo ilivyopita Majengo mchana kweupe, inavutwa na Datsun, maji yanachuruzika milangoni, Mwalimu kanyooka kwenye kiti cha mbele, Saidi anapiga honi kila kona ili asiwepo atakayekosa kuona. Na mimi? Mimi nilifuata nyuma kwa miguu, nimebeba kofia moja ya gurudumu iliyobanduka. Nilipopita mlangoni mwa duka letu, pale chini ya majedwali yangu, mtu akapaza sauti, "Injinia, kinyumenyume inatoka sifuri hadi mia kwa sekunde ngapi?"

Posa ilisogezwa wiki mbili. Mjomba alitaka isogezwe miaka. Kwa kawaida yetu mwoaji siku ya barua haendi, anabaki nyumbani anatoka jasho, lakini Mwalimu alituma ujumbe kwamba mhusika aje mwenyewe. Nikaenda. Sebuleni yuko Mwalimu, yuko shangazi yake Redempta, mwanamke mfupi ambaye neno lake katika ukoo ule ndilo linalofunga kikao, na dirishani inaonekana Pijo, milango yote minne wazi, viti vimeanikwa juani. Redempta yuko chumba cha pili, pazia linatikisika. Mjomba akaanza maneno yake mazuri ya kuomba jiko, Mwalimu akamkatiza.

"Nina swali moja kwa kijana. Kati ya Pijo na Datsun, lililo bora ni lipi?"

Mjomba akanikanyaga kidole chini ya meza. Nilielewa maana yake: sema Pijo, tuondoke na mke. Na mimi ulimi ulishaanza kujipanga useme Pijo, naapa, lakini nikaliona pazia limeacha kutikisika. Nikajua nikisema hivyo nitampoteza yule aliyesimama nyuma yake, na nikisema Datsun nitampoteza huyu aliyekaa mbele yangu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi magari siyajui."

"Huyajui?" akashangaa shangazi. "Na yale makaratasi ya mlangoni?"

"Ninanakili, shangazi. Natoa kwenye vitabu naandika kwenye mifuko ya saruji."

"Na farasi tisini na sita?" Mwalimu akauliza.

"Niliwaongeza ili unipende."

Shangazi akaziba mdomo na khanga. Mwalimu hakucheka. Akaegemea mbele. "Sasa niambie ulichokinakili. Bila kuongeza."

"Pijo sabini na wawili. Datsun mia moja na tisa."

Mwalimu akasimama, akatoka nje kwa goti lake lile, akaenda akasimama kando ya Pijo ametupa mgongo. Mjomba akaanza kukusanya barua yake. Kisha Mwalimu akarudi mlangoni.

"Shimo nimekusamehe," akasema, "kila mtu anaweza kuingia shimoni. Hilo la mia moja na tisa sitakusamehe maisha yangu yote. Shangazi, pokea barua."

Nikapigwa faini ya mbuzi kwa ajili ya maharage na togwa za watu, na kila Jumamosi hadi siku ya harusi nikawa nachota tope ndani ya ile Pijo kwa kijiko, Redempta amesimama juu yangu ananiambia hii ni nini na ile ni nini, na mimi najibu "ndiyo mwalimu". Haikupona kwa wakati. Siku ya ndoa yetu tulitoka kanisani tukakuta gari lililopambwa maua ni Datsun nyekundu, Saidi kwenye usukani kavaa kanzu, anasema amekuja kuchukua wafiwa. Mwalimu alitaka kutembea, goti likamkatalia. Akaketi mbele, midomo ameikaza, mikono magotini, asiguse kitu.

Tulipofika mwinuko wa kuingia Ruhuwiko, Saidi akakanyaga. Gari likapanda kama halina watu ndani. Nilimwona Mwalimu anautazama ule mshale wa mwendo, anautazama mlima, anautazama tena mshale. Tulipofika na Saidi akashuka kwenda kushangiliwa, mzee akanigeukia nyuma, akaninong'oneza:

"Lina nguvu kweli. Ukimwambia mtu, namchukua binti yangu."

Miaka yote hii sijamwambia mtu. Tumekuwa na watoto, Mwalimu ametangulia mbele za haki, Saidi alilala kaburini kwake mpaka tukampa mbuzi mzima, na hata siku ile alipolala mle ndani na kuniuliza, "Mtani, mzee alisemaje kuhusu gari langu?" nilinyamaza. Nyinyi leo mmeniuliza kati ya haya mapya mawili yaliyoegeshwa hapo nje lipi ni bora, na jibu langu ni kwamba moja ni jeusi na jingine ni jeupe. Na hayo niliyosema kuhusu Datsun yaishie hapahapa, kwa sababu Redempta bado ni binti yake.